Kutoka na watoto Dar kwa bajeti ndogo: Coco, Kigamboni, visiwani, mjini au Pugu?

Jumapili ya Desemba saa saba mchana, mchanga wa Coco Beach haukanyagiki kwa mguu wa mtoto. Saa kumi na moja jioni mchanga uleule unakalika. Ndiyo maana ulinganisho huu hauanzi na kiingilio. Unaanza na saa, unaingia kwenye kivuli, halafu maji ya bahari, na pesa zinakuja baadaye. Ukifuata mpangilio huo pesa zenyewe zinapungua, kwa sababu shilingi nyingi za siku ya matembezi huliwa na joto: soda ya tatu, bajaji ya ghafla kwa kuwa mtoto analia, meza ya kukodi kwa ajili ya kivuli tu.

Tunapima kwa familia ya watu watano: wazazi wawili na watoto watatu, mdogo ana miaka mitatu. Bei za viingilio hupanda, kwa hiyo angalia zaidi namna kila sehemu inavyokutoa pesa. Kuna sehemu unalipia kichwa, kuna unalipia safari, na kuna unalipia tumbo. Familia kubwa inaumizwa na ya kwanza, anayeishi mbali anaumizwa na ya pili, na aliyetoka nyumbani bila kulisha watoto anaumizwa na ya tatu.

Saa na msimu

Jua la Dar hufika utosini mnamo saa sita na dakika ishirini na kitu, na makali yake yako kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Machweo ni mapema: karibu saa 12:15 jioni mwezi Juni, karibu saa 12:50 mwishoni mwa Januari. Zinabaki nafasi mbili za kutoka na watoto, saa moja hadi saa nne asubuhi, na saa kumi hadi giza linapoingia. Ile ya jioni ni saa mbili na nusu tu. Sehemu inayokuchukua saa nzima na nusu kufika haifai kwa jioni, hata iwe nzuri namna gani.

Kwa kigezo hicho peke yake, Coco na bustani za mjini ni za jioni, msitu wa Pugu na visiwa vya Mbudya na Bongoyo ni vya asubuhi. Kigamboni inategemea unakotoka: kwa anayekaa Temeke au Mbagala inawezekana jioni, kwa anayekaa Kimara au Tegeta ni safari ya asubuhi.

Kipupwe, yaani Juni hadi Agosti, joto la mchana huwa nyuzi 28 au 29 na unaweza kukaa nje kutwa mradi una kivuli. Desemba hadi Machi linafika 31 hadi 33, na kinachochosha zaidi ni unyevu: jasho linatoka lakini halikauki, kwa hiyo mwili haupoi. Mtoto anaweza kuzidiwa akiwa kivulini kabisa endapo hakuna upepo. Miezi hiyo chagua sehemu inayopigwa na upepo wa bahari kuliko yenye miti mingi iliyojifunga.

Kuhusu kivuli chenyewe, miti haifanani. Mkungu na mwembe vina kivuli kizito. Mvinje, ambao umejaa fukwe za huku, una kivuli chepesi kinachohama. Ukitandika mkeka saa tatu, saa tano uko juani na hujagundua. Chini ya mnazi wenye nazi usimkalishe mtu, dafu halitoi taarifa. Kibanda cha makuti ndicho bora kuliko vyote, kwa sababu kimeziba juu na kiko wazi pembeni. Hema dogo la nailoni lenye mlango mmoja ndilo baya kuliko vyote: linanasa joto, na mtoto aliyelazwa humo anachemka huku wewe ukiona yuko salama.

Maji kujaa na kupwa

Hapa ndipo watu wengi wanaharibu siku. Tofauti ya maji kujaa na kupwa Dar inazidi mita 3 wakati wa bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa sana, na ufukwe mmoja unaweza kuwa uwanja wa mpira asubuhi na ukuta wa mawimbi jioni.

Kanuni ni rahisi kuikariri. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu (tarehe 1 na 15 za kalenda ya Kiislamu, ukipenda kuhesabu hivyo), maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa mnamo saa nne asubuhi. Kila siku inayofuata, muda unasogea mbele kwa dakika 50 hivi. Siku ya nne baada ya mwezi mpevu, maji yanapwa saa saba mchana na kujaa kuelekea saa moja usiku. Karibu na tarehe 8 na 22 za kalenda hiyohiyo ni maji mafu. Tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo na bahari haisogei sana.

Kwa mtoto wa miaka mitatu hadi minane, wakati mzuri ni maji yakiwa katikati. Yakijaa kabisa wakati wa bamvua, mchanga unabaki ukanda mwembamba na mawimbi yanapiga moja kwa moja kwenye mawe. Yakipwa kabisa, mawe ya matumbawe yanafichuka, na humo kuna viumbe weusi wenye miiba mirefu inayokatikia ndani ya unyayo. Vidimbwi vinavyobaki kati ya mawe ni darasa zuri sana, watoto wataona kaa na samaki wadogo, lakini wavae yeboyebo zenye mkanda wa kisigino. Ndala zinavuka mguuni majini.

Coco Beach au Kigamboni?

Coco haina kiingilio, iko kando ya barabara, na ina upepo. Gharama yake ni ya tumbo. Mihogo ya kukaanga yenye pilipili na kachumbari, mishikaki, miwa, madafu, ubuyu, bembea, puto: kila hatua kuna kinachomwita mtoto, na hakuna hata kimoja kilicho ghali. Vinaumiza kwa wingi. Dawa yake ni kuwalisha nyumbani saa tisa, kisha kuwatajia mapema watanunuliwa vitu gani. Vitu viwili kwa mtoto, achague mwenyewe. Ukisema "tutaona tukifika" umeshapoteza.

Udhaifu wa Coco ni watu na mawe. Jumapili jioni pale hujaa mno, na mtoto akipotea humwoni hata akiwa hatua ishirini. Andika namba yako ya simu kwa kalamu ya wino kwenye mkono wake, ndani ya kifundo, na mwonyeshe kitu kimoja kisichohama cha kukutania, kama kibanda chenye rangi fulani. Nguo ya kuingilia majini iwe nyekundu, ya machungwa au ya njano iliyokolea. Nguo ya bluu au nyeupe inapotea kwenye maji, na sekunde chache za kumtafuta kwa macho ndizo zinazoua. Kama unaweza kuchagua siku, nenda Jumamosi.

Kigamboni ina mchanga mpana zaidi, watu wachache, na sehemu nyingi zenye vibanda vya makuti. Gharama yake ni ya safari pamoja na kichwa. Nauli ya pantoni kwa mwenda kwa miguu iliwekwa shilingi 200 mwaka 2012, kwa hiyo kuvuka si tatizo; tatizo ni kutoka kwenye kivuko hadi ufukweni. Mikadi iko karibu, bajaji inatosha. Mjimwema ni mbali kidogo, na kadiri unavyoshuka kusini kuelekea Gezaulole ndivyo kurudi jioni kunavyokuwa kwa bei anayotaka dereva. Panga bei ya kwenda na kurudi kabla hujapanda, na chukua namba ya dereva.

Njia inayotunza pesa na muda kwa wanaokaa njia ya Morogoro ni mwendokasi hadi Kivukoni, kisha pantoni. Kituo na kivuko vimekaribiana, na foleni ya magari haikuhusu. Kwa watoto pantoni yenyewe ni nusu ya matembezi. Geti likifunguliwa watu hukimbilia ndani. Acha wapite, watoto wawe mbele yako na si nyuma, na ukiona msukumano subiri pantoni inayofuata. Wenye gari wana Daraja la Nyerere la Kurasini, lililofunguliwa Aprili 2016, lakini weka tozo kwenye hesabu.

Jambo la kuuliza kabla ya kulipa kwenye fukwe za Kigamboni: je, chakula cha nje kinaruhusiwa? Sehemu nyingi zenye kiingilio hazikiruhusu. Nyingine kiingilio chako kinageuka kuwa chakula au vinywaji, na hapo bei inayoonekana kubwa getini inaweza kuwa nafuu kuliko ile ndogo isiyorudi. Piga simu, uliza mambo matatu: chakula cha nje, umri wa mtoto anayeanza kulipa, na kama kibanda kinalipiwa peke yake.

Kwa hukumu yetu, mwenye mtoto chini ya miaka sita na bajeti ya mara moja kwa mwezi aende Kigamboni asubuhi, atulie kivulini, arudi kabla ya saa saba au baada ya saa tisa. Mwenye watoto wakubwa na saa mbili tu za jioni aende Coco.

Onyo moja la fukwe zote mbili. Zinatazama bahari kuu, na kusi, upepo wa kutoka kusini, likivuma mawimbi yanakuwa makubwa. Boya la tairi halifanyi mtoto kuwa salama. Upepo ukitoka nchi kavu linamvuta nje haraka kuliko mtu mzima anavyoogelea. Mtoto asiyejua kuogelea awe umbali wa mkono wako, na anayemwangalia asiwe anashika simu. Mgawane zamu za nusu saa, itamkwe ni zamu ya nani.

Mbudya au Bongoyo?

Maji ya visiwani ni masafi kuliko ya fukwe za mjini, na ubora wa pekee kwa wenye watoto ni kwamba hata maji yakipwa bado kuna pa kuogelea. Visiwa vyote viwili, pamoja na Pangavini na Fungu Yasini, ni maeneo tengefu ya bahari tangu 1975, kwa hiyo kuna ada ya hifadhi juu ya nauli ya boti. Ada ya raia ni ndogo kuliko ya mgeni, beba kitambulisho.

Bongoyo boti zake huondokea Slipway, Msasani, mwendo wa nusu saa hivi. Mbudya iko karibu zaidi na pwani ya Kunduchi na Mbezi Beach. Unashuka Africana kwenye barabara ya Bagamoyo, bajaji hadi baharini, na kuvuka ni dakika chache. Kwa mtoto anayetapika safarini, Mbudya inashinda bila mjadala. Kwa anayekaa Kinondoni au Masaki asiye na gari, Bongoyo ni rahisi kufika.

Huku unalipia kichwa, tena mara mbili, boti na ada, halafu kibanda na samaki. Familia ya watu watano itatumia siku moja ya kisiwani pesa ambazo zingewapeleka Coco jioni kadhaa. Hatushauri kisiwa kwa matembezi ya kawaida ya mwezi. Kinafaa mara moja kwa mwaka, shule zikifungwa. Ukienda na familia nyingine mbili mnaweza kuelewana bei ya boti nzima badala ya kichwa, na hapo hesabu inabadilika sana.

Kagua jaketi la kuokolea la mtoto kabla boti haijaondoka. Mvalishe, funga, kisha liinue kwa mabega yake. Likipanda hadi masikioni ni kubwa, na majini atachomoka chini. Kama hakuna la saizi yake, msipande. Mara nyingi mnapanda na kushuka mkiwa ndani ya maji ya magoti au mapaja, kwa hiyo simu, nguo kavu na chakula viwe kwenye mfuko uliofungwa fundo. Na uliza boti ya mwisho inarudi saa ngapi kabla ya kuuliza bei ya samaki.

Mjini: bustani na Kijiji cha Makumbusho

Watu wa Dar wanaisahau Bustani ya Mimea iliyo jirani na Makumbusho ya Taifa. Ilianzishwa 1893 na Franz Stuhlmann wakati wa Wajerumani, na miti yake imekuwa mikubwa kiasi cha kuzuia jua hata saa sita. Unaingia bure, kuna tausi wanaozunguka, na kutoka Kivukoni unafika kwa miguu. Jumapili mji uko kimya, mwendokasi haijabana, na mama ntilie wengi hawajafungua, kwa hiyo chakula kitoke nyumbani. Ni ndogo, saa moja na nusu inatosha, watoto wakubwa watachoka. Iunganishe na kuangalia pantoni zikipita pale Kivukoni.

Kijiji cha Makumbusho kina nafasi zaidi: nyumba za asili za makabila mbalimbali zimejengwa kwenye eneo lenye miti, watoto wanaingia ndani, wanainama mlangoni, wanaona mahali pa moto na pa kulala mifugo. Daladala za Makumbusho zinatoka karibu kila kona ya jiji, kwa hiyo safari ni nafuu, na kiingilio cha raia ni cha chini. Wikendi alasiri huwa kuna ngoma. Ulizia muda kabla. Mtoto wa darasa la tatu hadi la saba atafaidi zaidi ukimwomba bibi au babu aende naye, kwa kuwa atapata wa kumweleza kinu kile au ghala lile lilitumikaje. Kwa bibi asiyeweza mchanga wala boti, hapa ndipo pa kwanza.

Pugu

Msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, upande wa Kisarawe, ni hifadhi iliyo chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na ni sehemu ambapo saa sita mchana inavumilika bila upepo wa bahari. Daladala hadi Gongo la Mboto, kisha za Kisarawe. Kuna njia za kutembea, bwawa la Minaki na mapango yaliyobaki kutokana na uchimbaji wa udongo mweupe, ambayo sasa yana popo. Msiingie bila mwongozaji. Suruali ndefu na viatu vilivyofunika vidole kwa kila mtu. Masika njia zinateleza, acheni. Kwa mtoto wa kubebwa ni kazi ngumu. Kwa wa miaka minane na kuendelea aliyechoka na kelele za mjini, hakuna kinachoshindana nayo kwa pesa hiyo.

Kikapu kinachofaa kote

Kwa watu watano, saa tano nje, beba lita 6 za maji: chupa nne za lita moja na nusu. Mbili zigandishwe usiku. Acha nafasi ya vidole vinne juu, kwa sababu maji yakiganda yanatanuka kwa karibu asilimia 9 na chupa iliyojaa inapasuka. Kama umeme unakatika kwenu, anza kugandisha siku mbili kabla. Chupa hizo zikiwa kwenye deli pamoja na chakula zinafanya kazi ya barafu asubuhi na ya maji baridi mchana.

Wali wa nazi usibebe. Hotpoti ya kawaida inapoa taratibu, na vijidudu vya wali havifi kwa kuchemshwa. Joto likishuka chini ya nyuzi 60 vinazaliana. Uliopikwa alfajiri unaweza kuwa umechacha saa saba, na mara nyingine harufu haijabadilika bado. Chakula kilichopikwa chenye unyevu kisikae zaidi ya saa mbili bila baridi, na hewa ikizidi nyuzi 32 isizidi saa moja. Chapati 10, mayai ya kuchemsha yasiyomenywa yakiwa kwenye deli, karanga, ndizi mbivu, machungwa, na tikiti linalokatwa mkishafika: hiyo inashibisha watano na haina mashaka.

Mtoto akilalamika kichwa, akiwa na kichefuchefu, amelegea au mkojo wake ni wa njano iliyokolea, matembezi yamekwisha. Mpeleke kivulini, mvue nguo za juu, mwekee kanga iliyolowa shingoni na kwapani, mpepee, mnyweshe kidogo kidogo. Kama huna pakiti ya ORS: lita moja ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vijiko vya kufuta, si vya mlima. Akianza kuchanganyikiwa, akitapika mfululizo au ngozi ikiwa ya moto sana, ni hospitali moja kwa moja.

Mtoto mwenye ualbino ahesabiwe kwanza mnapochagua saa, kabla ya mahali. Kwake hakuna saa nne hadi kumi juani hata kipupwe: mikono mirefu, kofia ya ukingo mpana pande zote, losheni ya kukinga jua dakika 20 kabla ya kutoka na kila baada ya saa mbili, na tena akitoka majini. Kwa familia yenye mtoto huyo, Bustani ya Mimea na Pugu vinapanda juu ya fukwe zote, na Coco inabaki baada ya saa kumi na moja.

Nauli ya kurudi itengwe asubuhi, ikae kwenye mfuko wa mzazi asiyenunua vitu. Ongeza ya bajaji moja, kwa sababu mtoto wa miaka mitatu atakuwa amelala na mmoja wenu atakuwa anambeba yeye badala ya kikapu.